Mlinzi na Mwenye Hasara: Kumbukumbu ya Ross Anderson

Mazungumzo ya jioni hii nimeyatenga kwa ajili ya mtu ambaye wengi wenu, nadhani, hamkupata kulisikia jina lake, ijapokuwa sehemu ya kazi yake imo majumbani mwenu, imetundikwa ukutani, katika kile kisanduku chenye vitufe ambacho Watanzania tumezoea kukiita LUKU, na ambacho ndugu zetu wa Kenya hukiingizia zile tarakimu wanazoziita tokeni. Mtu huyo ni Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwanachuoni wa elimu ya usalama wa kompyuta, aliyezaliwa tarehe 15 Septemba 1956 na kufariki dunia tarehe 28 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 67. Alipofariki, watu wa elimu hiyo walimlilia pande zote za dunia. Nami naona si haki kwamba sisi, tulionufaika na fikira zake kila siku tuwashapo taa, tukae kimya.

Mtu akinunua umeme leo, awe Tandika au Kisauni, hupewa tarakimu 20, akazibonyeza katika mita yake, na taa ikawaka. Jambo hili limekuwa la kila siku hata hakuna alistaajabiaye. Lakini hebu tulifikiri kidogo. Mita hizo, kama zilivyosanifiwa tangu mwanzo, hazina simu wala waya wa kupelekeana habari na ofisi ya shirika la umeme; hazimjui mnunuzi, hazikuziona fedha zake, wala hazina wa kumwuliza. Itajuaje mita, basi, kwamba tarakimu hizi ni halali na si za kubahatisha, kwamba ni zake yenyewe na si za jirani, na kwamba hazikwisha kutumiwa jana? Jibu ni kuwa ndani ya tarakimu zile 20 kumefichwa, kwa hesabu za maandishi ya siri, kiasi cha umeme ulionunuliwa pamoja na dakika ya ununuzi wenyewe, na siri hiyo haifunguki ila kwa ufunguo ambao kila mita hupewa wa kwake peke yake. Kisha mita huzikumbuka tokeni zilizotangulia, isije ikatoa umeme mara mbili kwa malipo mamoja. Mtindo huo ulizaliwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, wakati Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, lilipokabiliwa na kazi ya kupeleka umeme kwa mamilioni ya watu ambao aghalabu hawakuwa na anwani ya kupelekewa hati ya madai wala akaunti ya benki. Na Anderson alikuwa mmoja wa wataalamu waliochangia kuusanifu, kabla haujawa kanuni ya kimataifa na kuenea hata kwetu.

Aliyojifunza huko hakuyafungia kabatini. Mwaka 1996 yeye na mhandisi Johann Bezuidenhoudt walitoa makala juu ya uthabiti wa mitambo ya malipo, na baadaye katika kitabu chake akasimulia kisa ambacho mimi sichoki kukirudia. Mita za kiwanda kimoja zilikuwa na kasoro katika programu yake: umeme ukidhoofika ghafula bila kukatika kabisa, mita ilichanganyikiwa na kujijaza salio la juu kabisa. Wateja hawakukawia kuligundua hilo, wakawa wanarusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za volti 11,000 ili mita za mtaa mzima zijazwe kwa pamoja, na hatimaye ilibidi mita zipatazo 100,000 zing'olewe zikarekebishwe. Wasanifu walikuwa wamejihadhari na mwizi mwenye elimu ya hesabu atakayevunja maandishi ya siri. Hawakufikiri habari ya umeme unaodhoofika ghafula, kwa kuwa kanuni za majaribio walizozifuata zilitungwa kwa nchi ambako umeme haudhoofiki hivyo. Nani katika sisi asiyeufahamu umeme huo? Na ni wangapi, katika wanaotuletea vifaa kutoka ng'ambo, wamekwisha kutuuliza?

Katika habari hizi za mita naomba niongeze moja, kwa kuwa iliwagusa wengi mnaonisikiliza. Mwaka 2024 mashirika ya umeme, Tanzania na Kenya pia, yaliwataka wateja waingize makundi mawili ya tarakimu za ziada kabla ya tokeni ya umeme wenyewe, na watu wengi waliingiwa na shaka wasijue kisa chake. Kisa ni hiki: hesabu ya dakika niliyoitaja ilianza mwaka 1993, na nafasi iliyotengewa katika mita ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32, ambazo ukomo wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Bila ya kubadilishiwa ufunguo, mita isingekubali tena tokeni mpya. Kwamba badiliko kubwa namna hiyo liliwezekana nyumba kwa nyumba, kwa kubonyeza tarakimu tu na bila fundi kubisha hodi, ni ushahidi wa busara ya watu waliokaa zaidi ya miaka 30 nyuma wakajiuliza siku ya mwisho itakuwaje. Anderson hakuifikia siku hiyo; ilikuja karibu miezi minane baada ya kifo chake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa sifa zake hazikuanzia katika umeme bali katika fedha. Alisoma hesabu na elimu ya viumbe na maumbile katika Trinity College, Cambridge, kisha akafanya kazi miaka mingi nje ya chuo, katika vyombo vya ndege na katika mabenki, ndipo aliporudi Cambridge kusomea udaktari wa falsafa chini ya Profesa Roger Needham, akaupata mwaka 1995. Mwendo huo ulikuwa na athari kubwa katika fikira zake. Wenziwe wengi walikuwa wakishughulika na uzuri wa hesabu za siri, na hesabu hizo ni nzuri kweli. Yeye alikwisha kuziona zikitumika katika ofisi zenye haraka, zenye makarani waliochoka na mameneja wasiopenda maswali, akajua kwamba mambo hayo mawili hayafanani.

Katika mwanzo wa miaka ya 1990 Waingereza wengi walilalamika kuwa fedha zimetolewa katika akaunti zao kwa mashine za kutolea fedha, hali wao hawakuzitoa wala kadi zao hazikuibwa. Jibu la mabenki lilikuwa moja: mitambo yetu haikosei, kwa hiyo aliyetoa ni wewe, au mkeo, au mwanao, au uliyemwambia namba yako ya siri. Mwenye nguvu mpishe, wasema wahenga, na walalamikaji walio wengi walipisha. Anderson akaanza kukusanya visa hivyo kimoja kimoja, na mwaka 1993 akatoa makala iliyowashangaza hata wataalamu, kwa maana ilionyesha kwamba katika wizi uliokuwa ukitokea karibu hapakuwa na hata mmoja uliofanywa kwa kuvunja hesabu za siri. Taasisi moja ndogo, kwa kosa la mwandika programu, ilikuwa imewapa wateja wake wote namba ya siri ileile. Benki nyingine zilichapa namba kamili ya akaunti juu ya kistakabadhi kitolewacho na mashine, ikawa mwizi husimama karibu, akatazama vidole vya mteja, kisha akaokota kile kikaratasi kilichotupwa chini na kujitengenezea kadi. Kulikuwa na mashine zilizotoa noti kumi kwa kubonyezwa mfululizo wa tarakimu za majaribio, na mfululizo huo ulikuwa umechapishwa katika kitabu cha maelekezo ya tawi. Na visa vingine vilikuwa vya watumishi wa benki wenyewe na mafundi wao: kikulacho ki nguoni mwako.

Palikuwa na askari polisi mmoja wa Uingereza, ambaye sitamtaja jina, aliyelalamika kwa taasisi iliyoweka akiba yake kwamba fedha zimetolewa bila ya idhini yake. Badala ya kurudishiwa, alishitakiwa kwa kujaribu kulaghai, na mwaka 1994 akahukumiwa kuwa na hatia, hoja kubwa ikiwa ileile kwamba mtambo hauwezi kukosea. Anderson alisimama upande wa mshitakiwa kama shahidi mtaalamu. Rufani ilipofika, upande wa utetezi uliomba jambo la haki tupu, kwamba ikiwa mtambo ndio shahidi, basi na uhojiwe kama wanavyohojiwa mashahidi wengine, mtaalamu aingie akautazame. Taasisi ile ikakataa kuufungua mtambo wake, na mwaka 1996 mahakama ikamwachilia huru askari yule. Mimi nauona msimamo huo kuwa mkubwa kuliko vumbuzi nyingi zinazotangazwa kwa matarumbeta. Maana siku hizi mashine zinatoa ushahidi juu ya wanadamu kila mahali, katika mikopo, katika mitihani, katika orodha za wapiga kura, na mahali pengi hakuna aruhusiwaye kuzihoji.

Hapo ndipo ilipochipuka fikira ambayo kwangu ndiyo johari ya maisha yake yote. Anderson aliona tofauti ya ajabu kati ya Uingereza na Marekani. Huko Marekani, mwaka 1980, mahakama moja ya New York ilimwamini mteja dhidi ya mashine ya benki, na sheria zikasimama kwamba mteja akikana kutoa fedha, ni juu ya benki kuthibitisha. Mtu angedhani mabenki ya Marekani yangefilisika kwa waongo. Kinyume chake, yaliweza kuudhibiti wizi kwa gharama ndogo kuliko yale ya Uingereza, ambayo yalitumia fedha nyingi zaidi kwa ulinzi na bado yakaibiwa. Kwa nini? Kwa sababu Mwingereza wa benki, akijua kuwa hasara itamwangukia mteja, alilegea. Malalamiko yakija hakuyachunguza, na asiyechunguza hawezi kujua tundu liko wapi. Mmarekani, akijua hasara ni yake, aliamka usiku akalitafuta tundu. Mwaka 2001 Anderson aliikuza hoja hiyo katika makala iliyofungua tawi jipya la elimu, uchumi wa usalama wa habari, na mwaka uliofuata wanachuoni wa kompyuta na wa uchumi wakakutana huko Berkeley katika mkutano wa kwanza wa tawi hilo, ambao tangu hapo umeendelea. Neno lake lilikuwa kwamba ulinzi wa kompyuta hushindwa mara nyingi si kwa upungufu wa maarifa, bali kwa kuwa yule awezaye kulinda siye apatwaye na hasara asipolinda.

Ukikishika kipimo hicho mkononi, mengi aliyoyafanya yanaeleweka. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima katika mtambo mmoja, yeye, akiwa mshauri wa chama cha madaktari cha nchi hiyo, aliandika mwaka 1996 kanuni za kumlinda mgonjwa, akishikilia kwamba siri ya mgonjwa ni amana baina yake na tabibu wake, na kwamba kadiri ya watu wanaoweza kuifungua kumbukumbu wanavyozidi, ndivyo hatari inavyozidi, hata wote wakiwa wamevaa vitambulisho. Serikali za Magharibi zilipotaka uhifadhiwe ufunguo wa ziada wa kila siri ya kila raia, ili zipeleleze wahalifu, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotia saini taarifa ya mwaka 1997 na tena ya mwaka 2015, pamoja na watu wa daraja la Whitfield Diffie na Ronald Rivest, wakieleza kwa utaratibu na bila ya ghadhabu kwamba ufunguo ulioachwa kwa ajili ya askari hautabagua mkono, mwizi naye ataukuta. Mwaka 1998 aliasisi taasisi ya kutafiti sera za habari, ili wabunge wapate mahali pa kuuliza kabla ya kupitisha sheria wasizozifahamu.

Alikuwa pia fundi wa hesabu za siri mwenyewe, na hilo lisisahauliwe. Yeye pamoja na Eli Biham wa Israeli na Lars Knudsen wa Denmark walitunga mfumo uitwao Serpent, ulioingia katika mashindano ya Marekani ya kutafuta kanuni mpya ya kusimba habari. Mwaka 2000 ulipotangazwa ushindi, Serpent ulishika nafasi ya pili, nao watungaji wakautoa bure kwa walimwengu wote.

Lakini tabia ya mtu huonekana zaidi anapoguswa aliye chini yake. Mwaka 2010 Anderson na wenziwe, wakiongozwa na Steven Murdoch, walionyesha kuwa kadi za benki zenye chipu, ambazo mabenki ya Ulaya yalizisifu kuwa ndiyo mwisho wa wizi, zina kasoro kubwa: mwizi mwenye kadi ya mtu aweza kupachika kifaa kati ya kadi na mashine ya dukani, akabonyeza namba yoyote ile, na mashine ikaambiwa kuwa namba ni sahihi. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili akaiendeleza kazi hiyo katika tasnifu yake. Mwezi wa Desemba chama cha wenye biashara ya kadi kikaandika barua Cambridge kutaka tasnifu ile iondolewe hadharani. Profesa alijibu kwa adabu na kwa uthabiti kwamba chuo kile ni chuo cha Erasmus, cha Newton na cha Darwin, na hakina desturi ya kuficha maandishi kwa sababu yamewachukiza wenye nguvu. Kisha akaidhinisha tasnifu ichapwe kama taarifa rasmi ya idara, ili ipatikane kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wanaonisikiliza wapime mambo haya mioyoni mwao. Mwanafunzi yule hakuwa na cheo wala wakili. Alikuwa na mwalimu.

Heshima alizipata: Royal Society ya Uingereza ilimchagua kuwa mwanachama wake mwaka 2009, na mwaka 2015 akatunukiwa nishani ya Lovelace, iliyo kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta nchini humo. Hata hivyo chuo chake kilikuwa na kanuni ya kuwastaafisha walimu wafikapo miaka 67, naye aliipinga kanuni hiyo kwa kalamu mpaka mwisho, akiiona kuwa dhuluma kwa watu ambao akili zao bado zina rutuba. Tangu mwaka 2021 alikwisha kuanza kufundisha Edinburgh pia, katika nchi ya Waskoti, ambao alizipenda mno nyimbo zao za kale na kuzipiga mwenyewe kwa zumari ya kiriba.

Katika miaka yake ya baadaye akili yake ilirejea Afrika. Alitazama jinsi fedha za simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa na Tanzania mwaka uliofuata, zilivyobadili maisha ya watu, akaona pia kwamba pasipo na mtandao fedha hizo hulala. Basi yeye na mwanafunzi wake Khaled Baqer, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, wakaichukua hekima ya mita za umeme na kuitia katika simu: mlipaji na mlipwaji wanakili tarakimu chache kutoka simu hii hadi ile, na malipo yanakamilika bila mtandao. Mtindo huo, walioupa jina la DigiTally, ulijaribiwa na wanafunzi na wauzaji mkahawani, penye kahawa na dukani kwa vitabu pale chuoni, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017.

Na hapa ndipo swali lake linapotugusa wenyewe. Nani hapa hajapata kuletewa ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii? Kila siku mama muuza samaki, mzee wa pensheni, kijana aliyetumiwa ada, hupokonywa kwa hila za namna hiyo, na wakienda kulalamika, jibu la kwanza wanalolipata ni kwamba wangeitunza namba yao ya siri na kujihadhari. Hadhari ni wajibu, sikatai. Lakini namba ile ya mlaghai ilisajiliwa na mtu, kwa kitambulisho cha mtu, mbele ya wakala aliyelipwa ujira, na fedha zikapita katika mtambo wenye mwenyewe, ambaye alitoza ada yake kwa kuzipitisha. Wote hao wangeweza kuziba tundu, kila mmoja kwa sehemu yake; naye asiyeweza kuziba lolote, yule mama wa samaki, ndiye aliyebeba hasara nzima. Kwa kipimo cha Anderson, ulaghai huu hautapungua kwa matangazo ya kuwaonya wateja peke yake, hata yakirudiwa redioni asubuhi na jioni, mpaka sehemu ya hasara iwafikie wale wenye uwezo wa kuizuia.

Kitabu chake kikubwa, Security Engineering, kilitoka mwaka 2001, kikaandikwa upya mwaka 2008 na tena mwaka 2020, na kwa sharti alilopatana na wachapaji, toleo la kwanza na la pili yamewekwa yote hadharani kusomwa bure na mtu yeyote mwenye intaneti. Kiingereza chake ni chepesi, na visa ni vingi kuliko hesabu. Mwenye kuanza naomba aanze kwa sura ya mabenki, aifuatishe ya mita, kisha ile ya uchumi. Na laiti sura hizo tatu zingesomwa na wale wanaotunga kanuni za fedha za simu katika nchi zetu, kabla hawajatunga nyingine.